Tenki Kwanza, Samaki Baadaye

Mnataka samaki wa mapambo sebuleni? Safi sana. Lakini kabla hamjabeba mfuko wa samaki kutoka dukani, kuna kama wiki sita za kuangalia maji matupu. Mkizipita hizo vizuri, mengine yote ni mteremko.

Jumamosi tenki limeingia sebuleni. Kokoto za rangi zimemwagwa, taa imewashwa, na samaki sita wa dhahabu wanakatiza huku na huku. Mgeni akija anasahau hata TV. Jumanne samaki mmoja anaelea. Jumatano wawili. Ijumaa amebaki mmoja, naye anahema juu ya maji kama mtu aliyekimbiza daladala. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Wewe umewalisha sana." "Mimi? Si wewe uliyesahau kuwalisha!" "Yule muuzaji katuuzia wagonjwa." Mwisho wa mwezi tenki liko stoo, limewekwa viatu vya zamani.

Hadithi hii imetokea kwenye nyumba nyingi, hasa za maharusi wapya waliopewa tenki kama zawadi. Mara nyingi wala si mkosi, na muuzaji anasingiziwa bure. Samaki wale waliuawa na sumu inayotoka kwenye miili yao wenyewe, kwa sababu maji waliyowekwa yalikuwa mapya mno. Ndiyo, mapya mno. Maji meupe yanayong'aa, yametoka bombani asubuhi ile ile. Kwa samaki, maji yanayopendeza machoni si lazima yawe maji salama.

Habari njema ni kwamba jambo hili linazuilika kabisa, na halihitaji mshiko mkubwa. Linahitaji muda, na watu wawili waliokubaliana kusubiri.

KINACHOUA HAKIONEKANI

Samaki anatoa taka kama kiumbe mwingine yeyote. Sehemu kubwa ya taka hizo ni amonia, inayotoka kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Chakula kisicholiwa nacho kikioza kinatoa amonia. Ziwani inapotea kwenye maji mengi. Kwenye tenki la lita 100 haina pa kwenda. Inaunguza matamvua, samaki anakosa pumzi, anakufa. Na ukali wake unaongezeka maji yanapokuwa ya uvuguvugu na yenye alkali, kwa hiyo ndugu zetu wa Dar, Tanga na Zanzibar msibweteke.

Dawa ya amonia ni bakteria. Usishtuke, hawa ni wale wazuri. Kundi la kwanza linakula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana ikiingia kwenye damu ya samaki inaizuia kubeba oksijeni. Ndipo kundi la pili linaila nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alifanikiwa kuwatenga bakteria wa aina hii mwaka 1890 akichunguza udongo. Hata shambani ndio wanaosaidia kutengeneza nitrati, mbolea ya mimea.

Hawa wadudu hawapendi kuelea. Wanajishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye kokoto, mawe na kuta za kioo. Na wanazaana polepole. Baadhi ya bakteria wa kawaida wanaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, lakini hawa wanaweza kuchukua karibu siku nzima. Tenki jipya halina hata robo ya jeshi linalohitajika. Ukiweka samaki sita siku ya kwanza, amonia inaanza kutoka leo na askari watafika mwezi ujao.

Basi kazi ni moja: wakuzeni askari kwanza, samaki waje baadaye. Huko ndiko kukomaza tenki.

MAHALI, KIOO NA WAYA

Chagueni tenki kubwa kadiri nafasi na mfuko vinavyoruhusu. Watu wengi wanadhani dogo ndilo rahisi kutunza, kumbe ni kinyume chake. Maji machache yanachafuka haraka na yanapata joto haraka. Bakuli la duara waachieni watengeneza filamu.

Tenki la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40 linachukua lita 112 likijaa pomoni. Ukiacha nafasi kidogo juu, una kama lita 100. Sasa piga hesabu: lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo, kokoto na mawe, unakaribia kilo 140. Hao ni kama watu wazima wawili wamesimama juu ya meza yako usiku na mchana. Ile meza ya TV yenye miguu myembamba haifai. Tafuteni stendi ya chuma au kabati imara, sakafu iwe sawa, na mtandike kitu laini chenye unene sawa chini ya kioo.

Fundi kioo mzuri anaweza kuwatengenezea. Mwambieni atumie silikoni safi, siyo ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaweza kuua samaki. Likiisha, liacheni likauke kwa wiki moja, kisha lijazeni maji barazani kwa saa 24 mwone kama linavuja. Bora livuje barazani kuliko juu ya zulia jipya.

Msiliweke linapopigwa na jua la dirishani. Jua linachemsha maji na kuotesha ukijani. Na umeme si wa kuchezea: waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji likifuata waya lidondokee sakafuni. Kila mnapotaka kutia mkono majini, chomoeni kwanza.

Chujio ni lazima. La sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa ni bei nafuu na linatosha kabisa kwa kuanzia. Liwake saa 24, siyo mchana tu kama redio. Hita inategemea mnaishi wapi. Dar mara nyingi hamuihitaji. Arusha, Iringa, Njombe na Mbeya usiku wa baridi mtaihitaji, kwa sababu samaki wengi wa mapambo wanataka nyuzi 24 hadi 27, na bakteria nao kwenye baridi wanazembea.

MAJI YENU NI YA WAPI?

Maji ya bomba yanawekwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyo hiyo inaua bakteria mnaowakuza na kuunguza samaki. Yaacheni maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku moja au mbili, au tumieni dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki. Maji yaliyokaa siku kadhaa kwenye simtanki huwa yamepunguza klorini kwa kiasi kikubwa.

Wanaotumia visima, hasa Dar, yaonjeni kwanza. Yakiwa na chumvi inayosikika ulimini, msiyatumie. Maji ya mvua peke yake nayo hayafai sana kwa kuanzia, maana yana madini machache, hivyo yanageuka kuwa na asidi kirahisi na bakteria wanagoma kufanya kazi.

Kokoto na mchanga wa mto vinatosha, kina cha sentimita 4 hadi 5. Osheni ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke meupe. Sabuni hapana, hata tone.

WIKI SITA ZA KUANGALIA MAJI

Siku ya kwanza jazeni maji, washeni chujio, acheni lizunguke. Siku ya pili anzeni kulisha tenki. Ndiyo, tenki lisilo na samaki. Tia punje chache za chakula cha samaki kila siku, kana kwamba kuna samaki wawili watatu mle ndani. Chakula kitaoza, amonia itatoka, na bakteria watapata cha kula. Njia nyingine ni kamba mbichi mmoja, amefungwa kwenye kipande cha soksi nyepesi, mnamtoa akishaoza sana. Kwa wanaoishi kwenye chumba na sebule, tunashauri njia ya kwanza. Harufu ya kamba siyo ya mchezo.

Kitu kimoja cha kutobania pesa ni vipimo vya maji, vile vya matone vinavyobadilisha rangi, vya amonia, nitriti na nitrati. Vipimo vya kawaida vya bwawa la kuogelea havitoshi, kwa kuwa vyenyewe vinaangalia zaidi klorini na asidi. Pimeni kila baada ya siku mbili au tatu na kuandika kwenye kalenda ya ukutani.

Mtakachoona ni hiki. Wiki ya kwanza na ya pili amonia inapanda. Maji yanaweza kuwa na ukungu mweupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Msiyamwage! Hayo ni mafuriko ya bakteria wengine, yatapungua yenyewe. Wiki ya pili hadi ya nne amonia inaanza kushuka na nitriti inapanda. Hapa ndipo wengi wanachoka, kwa sababu nitriti inaweza kukaa juu siku nyingi bila dalili ya kushuka. Tulieni. Wiki ya nne hadi ya sita nitriti nayo inaporomoka, na nitrati inaonekana.

Tenki limekomaa pale ambapo mnaendelea kutia chakula kila siku, na kwa wiki nzima amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Siyo "karibu sifuri." Sifuri. Hapo badilisheni nusu ya maji ili kupunguza nitrati, kisha ndiyo mwende dukani.

Mna rafiki mwenye tenki la zamani lenye samaki wazima? Ombeni kipande cha sponji yake iliyotumika. Kimejaa bakteria tayari na kinaweza kufupisha safari sana. Kisafirisheni kikiwa kimelowa maji ya tenki lake, na kiingie kwenye tenki lenu siku hiyo hiyo. Ila kama samaki wake wanaumwa, shukuruni na kuondoka.

Na mbu je? Maji yanayotikiswa na pampu hayawavutii sana, lakini wiki sita bila samaki wa kula viluwiluwi vya mbu ni nyingi. Funikeni tenki kwa mfuniko au chandarua.

NANI ANALISHA?

Sasa tuje kwenye mapenzi, maana tenki la samaki lina namna yake ya kuonyesha jinsi nyumba inavyoendeshwa. Baba anaamka saa 12, anatia chakula. Mama anaona samaki wanamkimbilia pale kiooni, anawahurumia, anatia chakula. Saa 6 mchana dada wa kazi anaona wanazunguka zunguka, naye anatia. Jioni mtoto wa jirani anaomba ajaribu. Kila mmoja ana nia njema, na kwa pamoja wanaua.

Samaki wadogo wanatosheka na chakula watakachokimaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Siku moja ya njaa kwa wiki haiwadhuru. Kubalianeni mlishaji ni nani, na awekwe mmoja. Mwingine achukue kazi ya kubadilisha maji. Dada naye aambiwe vizuri, kwa heshima, maana ndiye anayeshinda na hao samaki kuliko ninyi wote.

Kuna na lile la usafi. Siku ya usafi samaki wanahamishiwa kwenye ndoo, maji yote yanamwagwa, kokoto zinasuguliwa kwa sabuni ya unga, sponji inakamuliwa chini ya bomba mpaka iwe kama mpya. Tenki linang'aa, na jeshi lote la wiki sita limeenda na maji. Wiki ile ile samaki wanaanza kufa, na anayelaumiwa ni aliyesafisha kwa moyo mmoja. Msimlaumu mtu ambaye hakuelezwa. Elezaneni mapema: kila wiki toeni robo tu ya maji kwa mpira, mkivuta na uchafu wa kwenye kokoto. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji hayo hayo mliyotoa, tena pale inapoziba tu. Maji ya zamani mwagieni maua, yana nitrati, yatapenda.

Kutofautiana kwingine kunatokea wiki ya tatu. Mmoja anasema "tuweke hata wawili tu wa kujaribia," mwingine anasema tusubiri. Aliye upande wa kusubiri ana haki, lakini asiwe mkali kama mkaguzi. Chukueni siku hizo kuchagua mawe, kupanda majani ya majini, kupanga taa. Na mkishindana sana, kipimo kiko pale. Rangi ya maji kwenye kichupa haina upande.

UMEME UKIKATIKA

Bakteria wanahitaji oksijeni. Maji yakisimama saa nyingi, hasa ndani ya chujio lililofungwa, wanaanza kufa. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kinga nzuri, nayo inaendesha chujio la sponji moja kwa moja. Ukikosa, chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara, na usilishe mpaka umeme urudi. Chujio la kufungwa likikaa kimya nusu siku, lisuuzeni kwanza kwa maji ya tenki kabla ya kuliwasha, lisije likamwaga uchafu wote kwa samaki.

WA NYUMBANI WAPO

Tenki limekomaa. Samaki gani? Guppy ni wagumu na wanazaana kwelikweli, hivyo msishangae watatu wakawa thelathini. Samaki wa dhahabu ni mzuri ila anakua mkubwa, anachafua sana, na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo lita 100 si makao yake ya kudumu. Perege mwacheni bwawani.

Lakini kuna jambo Watanzania wengi hawalijui. Watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanalipa pesa nzuri kwa samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Ni jamii ya sikilidi, ndugu wa perege, wenye rangi za njano, bluu na milia. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wanapenda maji yenye madini na alkali, hivyo penye maji ya aina hiyo hawahitaji mbwembwe.

Wapo wadogo wa sentimita 5 wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Wekeni mchanga na magamba, mtawaona wakichimba na kugombea nyumba. Wapo pia wale wembamba wa kijivu wenye mikia mirefu, wanaojulikana kwa wafugaji kama binti mfalme wa Burundi. Hao dume na jike wanalinda mayai pamoja, na watoto wakubwa wanabaki nyumbani kusaidia kulea wadogo zao. Wanandoa mtajifunza kitu. Ila msiwachanganye na samaki wapole kama guppy, watanyanyaswa.

Anzeni na samaki watatu au wanne wadogo. Elesheni mfuko wao juu ya maji dakika 15 hadi 20, ongezeni maji ya tenki kidogo kidogo, kisha wahamisheni kwa wavu. Maji ya dukani yamwageni nje. Subirini wiki mbili, pimeni, ndipo muongeze wengine. Kila samaki mpya ni kazi mpya kwa bakteria wale wale.

KAMA MMESHAWAWEKA

Je, mmesoma hapa na samaki tayari wako kwenye tenki la wiki moja? Msitupe taulo. Pimeni kila siku. Amonia au nitriti ikionekana, badilisheni robo hadi nusu ya maji siku hiyo hiyo, kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana. Lisheni kidogo sana, hata siku moja ndani ya mbili. Ongezeni hewa. Msinunue samaki mwingine wa kuziba pengo. Wakihema juu ya maji, hiyo ni dharura, badilisheni maji sasa hivi, siyo baada ya tamthilia.

Na siku mkihama nyumba ya kupanga, sponji na kokoto zisafiri zikiwa zimelowa kwenye ndoo, samaki kwenye ndoo yao. Mkiamua kuacha kabisa, wapeni rafiki au mrudishieni muuzaji. Mtoni na ziwani hapana, samaki wageni wanaharibu maji ya wenyeji.

Kwa hiyo kama mmepanga kununua tenki mwisho wa mwezi huu, linunueni. Rudini nalo nyumbani, lijazeni, liwasheni, na mwandike tarehe kwenye kalenda. Marafiki watakuja, watauliza, "Mbona halina samaki?" Waambieni wapo njiani.